Unyayo Wenye Tiki Kumi

Machimboni, 4 Februari

Kwa Sindano, mdogo wangu,

Salamu zitangulie, mengine yafuate. Sisi huku ni wazima, isipokuwa wifi yako ana mafua na ametangaza kwamba hakuna mwingine wa kuugua mpaka ya kwake yaishe. Kijana wangu mkubwa ameshanifikia begani. Mwambie mama sweta nimeipata, mikono yake inaishia kwenye viwiko, lakini moyo wake nimeuona. Alinizaa mwenyewe na mpaka leo hajui urefu wangu.

Naandika barua kwa sababu simu yangu ni ya nyumba nzima, na ujumbe nisiotaka usomwe ndio unaosomwa kwanza. Dereva wa lori la kokoto atakuletea hii mkononi. Nijibu kwa mkono wake huyo huyo.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe kumi na nne Machi sisi madereva tunapimwa. Unajua ninavyofanya kila mwaka: siku mbili sili kitu cha maana, asubuhi nafika na sukari ya mtoto mchanga, wananipigia mhuri, narudi kwenye basi langu. Mwaka huu daktari mpya wa machimbo ameongeza kipimo wanachokiita cha miezi mitatu. Niliulizia kwa mbali, kama mtu anayemuulizia rafiki yake, nikaambiwa hicho hakidanganyiki kwa kufunga. Chupa za damu zitaletwa mjini, kwenye hospitali yako, kwenye maabara yako, kwenye meza ya mapokezi ambayo unakaa wewe. Siombi kitu. Nasema tu kwamba meza ni yako.

Vidonge nameza, vile vile vya duka la dawa, mwaka wa sita huu. Miguu iko salama. Navaa soksi mbili kila mguu kwa ajili ya baridi. Basi nalo linasumbua, injini iko chini ya kiti changu na inachemka kama jiko, abiria wa mbele wote wanalalamika joto.

Kaka yako, Ngongoti

---

Mjini, 19 Februari

Kaka Ngongoti,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka dizeli. Mama anaendelea vizuri, amejifunza kuzunguka nyumba nzima kwa gongo moja na anatumia lile la pili kuwafukuza paka wa jirani. Anauliza kama unakula. Nilimwambia unakula isipokuwa siku mbili kwa mwaka, akanitazama bila kucheka.

Umeandika kwamba umekaa juu ya injini inayochemka na kwamba unavaa soksi mbili kwa ajili ya baridi. Umeyaandika katika aya moja, kaka. Mimi nimekaa mapokezi miaka kumi na moja, na watu wenye soksi mbili nawajua. Hawasikii baridi. Hawasikii ardhi, wanaongeza kitambaa wapate kitu cha kukanyaga.

Nisikilize mara moja bila mzaha. Sukari hugandia chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi karibu miezi mitatu, kwa hiyo kipimo hicho kinasoma ulivyoishi, si ulivyolala njaa juzi. Sukari iliyozidi muda mrefu, pamoja na mafuta yaliyozidi kwenye damu, huiharibu mishipa ya fahamu taratibu. Mirefu huanza kufa, na mirefu kuliko yote inaishia vidoleni mwa miguu. Sasa jiangalie urefu wako. Ongeza miaka sita ya kujitibu mwenyewe, ongeza sigara ambazo wifi anadhani uliacha, ongeza mama na sukari yake. Na hivyo vidonge, ukivimeza miaka mingi bila kupimwa, vinaweza kukupunguzia vitamini B12, ambayo mishipa hiyo hiyo inaihitaji. Ulikuwepo siku mama alipokanyaga kaa la moto jikoni. Harufu tuliisikia sisi, yeye aliendelea kukoroga.

Unalolitaka sitalifanya. Badala yake nakutumia uzi huu mgumu wa nailoni, usiukunje. Nimekuchorea unyayo na kuweka nukta kumi. Ufumbe macho, wifi akuguse kwa ncha ya uzi kila penye nukta mpaka uzi upinde. Ukihisi, atie tiki. Usipohisi, atie duara. Unirudishie karatasi.

Ni mimi, na hilo jina la Sindano sijalikubali

---

Machimboni, 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua ya wifi yako yamepona na sasa tunayo sote. Karatasi yako hii hapa, tiki kumi juu ya kumi. Hata shuleni sijawahi kupata hivyo. Mwonyeshe mama.

Kwa hiyo miguu tumeshaimaliza, turudi kwenye damu. Nyumba hii tunayokaa si yangu, ni ya dereva. Siku nitakapoandikwa kwamba sifai kuendesha, nina siku thelathini za kutoa vitanda nje. Wifi yako ana bustani nyuma ya nyumba. Watoto wanakwenda shule ya machimbo kwa miguu. Mimi naamka, napandisha watu arobaini mlimani, nawateremsha, nalala, na kesho hivyo hivyo miaka kumi na tisa. Sijui kazi nyingine. Kuna siku nakaa kwenye usukani naona kwamba sishikilii basi, basi ndilo limenishikilia mimi.

Nipe mwaka mmoja tu. Nitaacha sigara, nitapunguza wali, nitatembea. Sanduku la chupa litafika kwako siku hiyo hiyo ya kupimwa, Alhamisi. Stika yangu ni namba ishirini na saba.

Ngongoti

---

Mjini, 20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Mvua imeingia stoo ya maabara na tumehamisha makaratasi.

Namba ishirini na saba imefika na imepita. Usiniulize imepitaje, wala usiitaje tena kwenye barua. Kazi yangu ni kupokea, kusoma ni kwa wenzangu, na majibu hufungwa na mkuu wa maabara na kurudi huko moja kwa moja. Sitayaona na sitaki.

Nimefanya kwa sharti. Kabla Aprili haijaisha uende kliniki yoyote ya mbali, kwa jina lako, kwa damu yako, upimwe sukari ya miezi mitatu, mafuta, figo na ile vitamini. Umwambie daktari ukweli wote kuhusu vidonge.

Jambo la mwisho. Tiki kumi zile zina mikia mirefu inayopinda kushoto. Nimekaa dawati moja na wewe miaka minne, na wifi hatii tiki hivyo. Karatasi umeijaza mwenyewe. Mtu anayejigusa mwenyewe hawezi kuwa amefumba macho.

Mdogo wako

---

Machimboni, 21 Aprili

Dada,

Leo sina salamu ndefu. Watoto wazima.

Majibu yamekuja. Daktari aliniita, akafunga mlango, akageuza karatasi nisome mwenyewe. Sukari ya miezi mitatu 8.4. Akasema mtu asiye na kisukari huwa chini ya sita na nusu. Mafuta nayo yamepita mstari. Akaniuliza nimekuwa mgonjwa tangu lini, nikasema ndiyo kwanza nasikia kwako.

Ulisema imepita. Kumbe uliipitisha yangu kama ilivyokuja, ukaniacha niingie mle chumbani nikitabasamu kama bwege. Kama hukutaka, ungesema hapana mara ya pili nami ningejua pa kushika. Umeniuza, dada, na umeniuza kwa upole.

Kazi haijaondoka bado. Alitoa uzi kama ule wako akasema nifumbe macho. Nilifumba jicho la upande wake tu, na kabati lake lina kioo. Nikasema nahisi, nahisi, nahisi. Akaandika miguu haina shida, naruhusiwa kuendesha mpaka Julai, tarehe ishirini na tano atanipima tena mwenyewe. Kwa hiyo nina miezi mitatu, na wewe nimekufahamu.

Kaka yako

---

Mjini, 9 Juni

Kaka,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Najua nimekaa kimya wiki saba. Barua nilizianza tatu.

Mama mzima. Ananisema siku hizi, anadai namaliza mtungi wa maji peke yangu, na kwamba naamka kwenda chooni mara nyingi kuliko yeye mwenye gongo. Nimemwambia ni joto. Nimenunua viatu vya kufunika, vile vya wazi vilikuwa vinanitoka njiani bila mimi kujua.

Sikukuuza. Nikisema zaidi ya hapo nitasema yote, na siko tayari. Mashine haikukosea, na mimi sikukuuza. Weka maneno hayo mawili pamoja mpaka nitakapoweza.

Umekwenda kliniki? Hukuandika. Nakuomba kitu kimoja ambacho sikupaswa kukuacha uendelee nacho hata siku moja: shuka kwenye hilo basi. Sema mgongo unauma, sema chochote. Ule mlima una kona na wewe una watu arobaini nyuma.

Mdogo wako

---

Machimboni, 30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilipaswa kuitikia siku ile ile.

Tarehe kumi na moja, kabla barua yako haijanifikia, nilikuwa nateremka na zamu ya asubuhi. Kwenye geti la chini nilikanyaga breki. Naapa nilikanyaga. Basi likaenda mbele zaidi. Nikakanyaga tena kwa nguvu zote, likarukia nguzo ya geti. Nilipoinama kutazama, mguu wangu ulikuwa juu ya pedali ya mafuta, umelala pale kama mguu wa mtu mwingine. Nilijua uko wapi kwa kuuona, si kwa kuuhisi. Aliyeumia ni mmoja tu, mama wa jikoni, kidole cha mkono. Wote walishuka wakinipongeza kwamba nimeligongesha kwenye nguzo badala ya kuliacha liende bondeni.

Mkuu wa usafiri akaniuliza nini kimetokea. Nikasema breki. Neno lilitoka lenyewe. Wakamsimamisha fundi breki siku ile ile, mtu ambaye anazifungua na kuzifunga kila Jumamosi kama anamvalisha mtoto. Amepita hapa nyumbani mara mbili. Hakuja kugomba, anauliza tu, "Kaka, ilizama mpaka chini au ilikuwa ngumu? Nisaidie nijue nilikosea wapi." Nimemwambia sikumbuki. Wifi yako akampa mboga za bustani.

Kliniki nilikwenda, mwishoni mwa Aprili kama ulivyotaka. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu kwa sababu nilikuwa na aibu. Damu yangu ilisoma 11.6. Vitamini ilikuwa chini, ulisema kweli, wameanza kunichoma sindano zake na wanasema huenda zikasaidia kidogo, ila kilichokufa hawaahidi kukirudisha.

Nikaziweka karatasi mbili mezani. 8.4 na 11.6, mwezi mmoja na wiki chache katikati. Nikasema labda mashine. Wiki hii wametugawia vitambulisho vipya vya udereva, vina kundi la damu lililosomwa kwenye sanduku lile lile la Machi. Changu kimeandikwa B. Mimi ni O tangu nizaliwe, kadi yangu ya zamani ninayo. B nyumbani kwetu ni mama na wewe.

Hiyo 8.4 ni ya nani, dada?

Usijibu kama huwezi. Mimi nimeshakaa nayo siku nne. Hukuniuza, ulinipa yako, na yako ilikuwa hivyo. Mtu unayepima mji mzima hukuwahi kujipima?

Sasa ona tulipo. Nikisema mguu ndio uliokosea, fundi anarudi kazini, lakini daktari atanipima, na kundi litageuka kutoka B kuwa O. Damu haihami. Atauliza ya Machi ilikuwa ya nani, na sanduku lilipokelewa na mtu mmoja. Nikinyamaza, tarehe ishirini na tano ni hiyo hiyo. Na asubuhi ya kesho saa kumi na mbili watu arobaini watakuwa kituoni, na basi limeshatengenezwa. Nimegeuza kila upande. Kila mlango ninaoushika umefungwa na mkono wako, na wa kwako umefungwa na wangu, na huo mkono wangu niliutia mimi. Niliandika kwamba meza ni yako. Nisamehe.

Nimewaambia mgongo unauma. Nimepumzishwa mpaka siku ya kipimo.

Kaka yako

---

Mjini, 12 Julai

Kaka Ngongoti,

Shikamoo. Naandika nikiwa nyumbani, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Utaelewa.

Ndiyo, ni yangu. Niliingia stoo na chupa tupu, nikajifunga mpira mkononi kwa meno, nikatoa. Sikusita hata kidogo, kwa sababu ya kwangu nilijua ni safi. Nilijuaje? Sijui nilijuaje. Nilimwosha mama kidonda miaka miwili, nikawafundisha watu wangapi pale dirishani dalili zake, na mimi mwenyewe nikajiweka upande wa pili wa dirisha kama kwamba kioo kinakinga. Barua yako ya Aprili nilisoma 8.4 nikiwa nimesimama, nikakaa. Ulikuwa unanitukana na nilikuwa nasoma majibu yangu. Wiki saba nilishindwa kukuambia, kwa sababu kukuambia ni kujiambia.

Unasema milango yote imefungwa. Mmoja ulikuwa wangu, nimeufungua. Jumatatu nilimwandikia mkuu wa maabara, ukurasa mmoja, tarehe, namba ya stika, nilichofanya na damu ya nani. Jina lako limo, halikuwa na pa kujificha. Sikukuomba ruhusa. Alisoma mara mbili, akaniambia niache koti la kazi kwenye kiti. Baraza la nidhamu litakaa Agosti. Wananiambia kurudi ni vigumu, na mimi nisingemrudisha mtu kama mimi. Watu huamini namba kwenye ile chupa, kaka. Kuna mtu angeweza kutiwa damu ya kundi B kwa sababu yangu, na mtu huyo ni wewe.

Kwa hiyo huna tena wa kumlinda. Nenda kwa mkuu wa usafiri umwambie kuhusu mguu. Fundi amengoja vya kutosha. Nyumba itakwenda, najua, na siwezi kukuambia mtakwenda wapi. Hapa kuna vyumba viwili na mama anakoroma.

Nimejipima nailoni. Mama ndiye aliyeshika uzi, nimelala kitandani nimefumba macho kweli. Mchoro huo nakutumia. Nane nimehisi, nukta mbili za kidole gumba sikuhisi. Alipomaliza aliukamata mguu wangu akaushika muda mrefu. Halafu akasema, "Ngongoti naye afanyiwe na mtu mwingine."

Sindano

---

Machimboni, 26 Julai

Sindano wangu,

Marahaba, mara mia. Mama mwambie nimefanya.

Nilikwenda Jumatano kabla ya barua ya hospitali kufika. Nilisema mbele ya mkuu wa usafiri, na fundi akiwepo, nilitaka awepo. Hakunitukana. Alitoka nje akawasha basi langu, akakanyaga breki mara tatu, akazima, akarudi. Funguo nimeziacha mezani. Daktari alinipima jana, O, na mengine ambayo unayajua. Kuna shauri dhidi yangu, na nyumba tunatoka Agosti mwishoni. Wifi yako anang'oa miche na kuitia kwenye makopo, hasemi na mimi sana. Tutakuja kwenu tukose pa kulala wote pamoja.

Mchoro wako nimeubandika ukutani. Wangu huu hapa, wa kweli. Ameujaza wifi yako, utaujua mkono wake, maduara yake ni madogo. Alinilaza kwenye benchi la nje, akanifunga kitambaa machoni kwa sababu mimi haniamini tena. Nilisikia watoto wakicheza, nikasikia lori likipanda. Nilikaa nikingoja. Nikamwambia, "Anza basi, mke wangu."

Akasema ameshamaliza.

Kaka yako